Fundi Anajibu: hiyo "tangu zamani" yenu iko na miaka ngapi?

Aksanti kwa wote wenye walituandikia mwezi huu. Nilikuwa nafikiri mutaniuliza paka bei ya kushona libaya na namna ya kutosha doa la mawese ku shemizi nyeupe, kumbe karibu barua zote ni mabishano ya mu nyumba: mukwe anasema hivi, bwana anasema vile, bibi harusi anagombana na mama yake, na kila mutu anamalizia na neno moja tu, "tangu zamani". Basi leo tunaifungua hiyo zamani na tunaipima na meta. Na wenye wanatuma vokali ya dakika 6, munihurumie, mega nazinunua na franga zangu.

*Mama Fundi, jambo. Nakaa Panzi, nauzisha sambaza na kila asubuhi napanda moto kufika soko. Nilinunua patalo ya jinzi ku mitumba juu ya hiyo moto tu, tena nafunga kikwembe juu yake. Mama mukwe aliiona ku kamba, akaita jamaa yote. Anasema patalo ni ya wanaume tangu Mungu aumbe dunia, ata wazungu wenyewe wenye walituletea wanajua hivyo. Ni kweli?* Mama wa Sambaza, Panzi

Mama, kwanza mukwe ni wa kuheshimu, hiyo patalo uianike nyuma ya nyumba mpaka mambo yapoe. Sasa tuingie mu historia, maana hapo alikosea mara mbili.

Miaka 300 iliyopita mwanaume wa heshima mu Ufaransa ao Uingereza hakuwa anavaa patalo ndefu hata kidogo. Alivaa kilote yenye inaishia ku magoti, chini yake soksi ndefu za hariri zenye zinabana muguu, na muguu muzuri wa mwanaume ilikuwa kitu cha kuonyesha watu. Patalo ndefu ilikuwa ya baharia, ya mubeba mizigo, ya mutu wa shamba. Ata jina lenyewe ni la kuchekesha: linatoka kwa Pantalone, muzee mumoja wa mu teatre ya zamani ya Venezia, mufanyabiashara bahili mwenye kila mutu alikuwa anamucheka, na mavazi yake ilikuwa hiyo ya muguu murefu. Kwa hiyo bwana yako akivaa patalo yake ya Siku ya Mungu, anavaa jina la mutu wa komedi.

Halafu ikakuja mapinduzi ya 1789. Watu wa chini wa Paris walijiita sans-culottes, ni kusema "wasio na kilote", na wakajivunia. Ile wakati kuonekana na kilote ya hariri mu mutaa ilikuwa kutafuta matatizo, basi nguo ya mubeba mizigo ikaanza kupanda ngazi, polepole, mpaka ikafika kwa wakubwa. Hesabu mwenyewe, haiko tangu Mungu aumbe dunia, ni kitu cha miaka 200 na kidogo.

Kwa wanawake, hapo njo kuna vituko. Tarehe 7 Novemba 1800 polisi ya Paris ilitosha agizo: mwanamuke mwenye anataka kuvaa sawa mwanaume aende kwanza kuomba ruhusa, na karatasi ya munganga mukononi. Mama mumoja muchoraji, Rosa Bonheur, mwenye alikuwa anachora farasi na ng'ombe, aliipata hiyo karatasi mwaka 1857 juu aweze kuingia ku masoko ya nyama bila robo yake kuburuzika mu mavi. Ilikuwa ya miezi 6, ikiisha unarudi kuomba. Kisha 1892 na 1909 wakalegeza kidogo: mwanamuke anaweza kuvaa patalo kama mukono wake unakamata gido ya velo ao kamba ya farasi. Yaani ukishuka ku velo, kosa linaanza! Wewe na moto yako ungejaribu kujitetea pale. Na hilo agizo, usicheke, serikali ya Ufaransa ilikuja kusema wazi kwamba haliko na nguvu tena tarehe 31 Januari 2013, watoto wako walikuwa walishazaliwa.

Sasa ile kosa ya pili. Sisi hapa tulikuwa na katazo letu wenyewe: miaka ya 1970, wakati wa Mobutu na ile mambo ya "authenticité", ni kusema kurudia asili yetu, wanawake walikatazwa patalo na perike, wakaambiwa warudie vikwembe. Kama mama mukwe alikuwa binti ile miaka, nafikiri hiyo "tangu zamani" yake ni ya Mobutu, haiko ya Mungu wala ya wazungu. Lakini usimuambie hivyo mbele ya jamaa.

*Fundi, nilinunua viatu vya talo ku mitumba ya Kadutu, talo ya vidole 3, nyeusi, ngozi ya kweli. Marafiki wananiita Madame. Niwajibu nini?* Kijana wa Ibanda

Wajibu kwamba talo ilianza ku viatu vya wanaume wenye kupanda farasi. Kule Uajemi askari alikuwa anapiga mishale akisimama juu ya farasi, talo njo ilikuwa inashika kile chuma cha kukanyagia juu muguu usiteleze. Mwaka 1599 mufalme wao Shah Abbas alituma wajumbe Ulaya, na mu karne ya 17 wakubwa wa kule wote wakataka kuwa warefu. Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa talo nyekundu, na ku nyumba yake ya kifalme nani aruhusiwe nyekundu na nani hapana ilikuwa mambo ya mufalme kuamua. Angalia picha yenye Rigaud alimuchora 1701: muzee wa miaka 63, soksi nyeupe, muguu mbele sawa mulimbwende, talo nyekundu. Wanawake waliiga kwa wanaume, hawakuanza wao.

Lakini kushuka Kadutu na hivyo viatu wakati wa mvua, mu ile matope, historia haitakushika mukono.

*Jambo Mama Fundi. Mi niko mwalimu, niko na kostime moja tu, naiheshimu sana. Juzi naipiga pasi nikaona tundu ku kola yenye haina kifungo upande wa pili, na nyuma kuna mupasuko. Ni fundi alisahau ao ni mutindo? Na hii krafati nani alitutegea?* Mwalimu wa Nyawera

Mwalimu, hakuna kitu fundi alisahau, uko navaa makumbusho. Ikamate hiyo koti tena, weka ku meza, tuangalie pamoja.

Kile kipande chenye kinalala ku kifua, simamisha juu, pandisha mpaka ku shingo. Unaona? Zamani koti ilikuwa inafungwa mpaka juu kwa sababu ya baridi na vumbi ya njia, na hicho kitundu kilikuwa na kifungo chake upande wa pili. Watu walipoona joto wakaanza kukunja ile sehemu ya juu, kukunja kukawa urembo, urembo ukawa sheria, kifungo kikatoka na kitundu kikabaki. Leo tunaweka ndani ua la harusi. Mupasuko wa nyuma ni juu ya farasi: koti bila mupasuko ukikaa juu ya farasi inakunjana yote mu kiuno. Farasi ilishaenda, mupasuko uko, na mi bado nakulipisha kuushona.

Kostime yenyewe watu mingi wanaianzisha na Charles wa 2 wa Uingereza. Oktoba 1666 alitangaza kwamba yeye na wakubwa wa nyumba yake ya kifalme watavaa namna mupya, ndani fulana ndefu na koti juu yake, aachane na mitindo ya Wafaransa. Kuna mutumishi mumoja wa serikali, Samuel Pepys, alikuwa anaandika daftari lake kila siku, na njo tunajua. Hiyo ilikuwa bado nguo ya rangi na urembo mingi. Mwenye alizima rangi anaitwa George Brummell, mu London, karibu na mwaka 1800. Hakuwa mutoto wa mufalme, hakuwa na cheo, lakini alikuwa na jicho. Yeye alisema kwa mavazi yake kwamba uzuri wa nguo ni kukata vizuri na usafi: koti nyeusi ao bluu ya giza, patalo ndefu, shemizi nyeupe yenye ilifuliwa kweli, krafati ya kitambaa cheupe yenye ilikuwa inamuchukua asubuhi mingi sana kuifunga. Mafundi wa London walifanya kazi ya ajabu ile miaka, ile kukata koti ya sufu mpaka inalala ku bega bila mukunjo hata mumoja, mi mwenyewe nashona miaka 22 na bado bega njo inanitoa jasho. Brummell aliishia mubaya, madeni yakamufukuza London 1816, akakufa mu Ufaransa 1840 maskini kabisa. Wenye wanakopa kwa ajili ya sape, ile kuvaa kwa kujionyesha, musome hiyo mustari mara mbili.

Krafati ni askari wa Kroatia walileta, wenye walikuwa wanapigana kwa malipo upande wa Ufaransa mu karne ya 17, na kitambaa shingoni. Wafaransa wakakipenda, "Croate" ikageuka "cravate". Ni leso ya askari.

Na hapa kwetu unajua vile krafati na kostime zilikatazwa wakati wa Mobutu, watu wakavaa abacost, ni kusema "chini na kostime", koti ya kola ya juu bila krafati wala shemizi nyeupe. Mobutu aliachilia tarehe 24 Aprili 1990, siku moja na ile hotuba ya vyama vingi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi pia. Alikuwa anatuambia kwamba ile wiki wazee wa heshima, wenye waliheshimika mu kartie, walikuwa wanapita kwake magharibi, mulango ukiwa nusu ya kufungwa, juu awaonyeshe namna ya kufunga krafati, vidole vilikuwa vilishasahau.

*Dada Fundi, naolewa mwezi wa 8. Mama anasema bila robo nyeupe siko bibi harusi, ni aibu ya familia. Mi nataka viole. Kulodi nyeupe peke yake wananilomba franga zenye zingenishonea robo 2. Unisaidie kumuambia mama.* Bibi Harusi, Bagira

Mudogo wangu, mama yako anatetea mutindo wa mutu mumoja. Victoria, malkia wa Uingereza, aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, na akachagua nyeupe: satini ya Uingereza na dantela ya Honiton, ya mikono ya wanawake wa kule Devon wenye kazi yao ilikuwa inakufa juu ya mashini. Alitaka watu waione hiyo dantela, na dantela nyeupe inaonekana muzuri sana ikikaa juu ya nyeupe. Ku kichwa hakuweka taji, aliweka maua ya muchungwa. Si yeye wa kwanza mu dunia kuolewa na nyeupe, lakini picha zake zilizunguka fasi zote, na watajiri wakaiga juu nyeupe ilikuwa inasema kitu kimoja wazi: mi sifui nguo zangu mwenyewe. Wanawake wengine wote, yaani karibu wote, waliolewa na robo yao ya kanisani yenye ni muzuri kuliko zingine, bluu, kahawia, nyekundu, ata nyeusi, kisha walikuwa wanaivaa tena miaka 10. Hakuna mwenye alisema hawakuolewa.

Viole nayo iko na stori yake, na inatuhusu. Zamani rangi za namna hiyo zenye hazitoki haraka zilikuwa bei ya ajabu. Mwaka 1856 kijana mumoja wa London, William Perkin, miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kinini mu maabara ndogo ya nyumbani kwao, ile kinini ya malaria yenye sisi wote tunajua uchungu wake. Hakupata kinini. Alipata uchafu mweusi ku chupa, akiusafisha na alkoli ukatoa viole ya nguvu, akachovya hariri, ikashika. Rangi ya kwanza ya kiwanda yenye iliuzwa sana, na ilitoka kwa kutafuta dawa ya malaria.

Sasa sikia hii, njo umupelekee mama: Januari 1858 binti mukubwa wa Victoria aliolewa, na yule yule Victoria wa nyeupe alikuja ku harusi amevaa viole, ile ya kupauka kidogo. Kwa hiyo kama unataka amani, kuna namna: viole umushonee mama. Wewe shona nyeupe rahisi, isiyo na ile mukia wa meta 3, ukate mikono kisha ubatize nayo mutoto wako wa kwanza. Kama unakataa kabisa nyeupe, sawa, lakini nenda na kitambaa mukononi wakati unaongea naye. Mama akigusa kitambaa muzuri anapunguza kelele, niliona mara mingi.

*Shangazi alimuletea mutoto wetu mwanaume triko ya roze. Bwana anakataa kabisa asivae. Tufanye nini?* Mama Mupya, Kadutu

Muvalishe, ku Bukavu asubuhi kuna baridi. Mwaka 1918 gazeti moja la Marekani la wauza nguo za watoto lilikuwa linashauri roze kwa wanaume ju ni rangi ya nguvu, na bluu kwa wabinti ju ni laini. Na mbele ya hapo, miaka mamia, vijana wadogo wa Ulaya walikuwa wanavaa robo mpaka miaka 5, 6, ata 7, ju ya urahisi wa kubadilisha mutoto mwenye bado anakojoa. Franklin Roosevelt, mwenye alichaguliwa rais wa Marekani mara 4, kuna foto yake ya 1884, miaka 2, nywele ndefu na robo nyeupe. Muonyeshe bwana hiyo foto.

*Mama Fundi, mi niko najifunza kushona, mwaka wa pili sasa, ku mashini ya muguu. Patron wangu kila siku analia kwamba nguo za tayari za China na mitumba zitatumaliza. Nani alivumbua mashini, na mafundi wa ile wakati walifanya nini? Niendelee ao niende kuuza mega?* Mwanafunzi wa Ushoni, Kadutu

Mutoto wangu, walifanya kile patron wako anaota usiku. Walizivunja.

Mwenye alivumbua ya kwanza yenye ilifanya kazi ya kweli alikuwa fundi sawa sisi, Mufaransa, Barthélemy Thimonnier. Alipata karatasi ya uvumbuzi mwaka 1830, na mu Paris wakafungua atelie ya mashini 80 za mbao, zilikuwa zinashona nguo za askari. Januari 1831 mafundi wa Paris waliingia kwa nguvu wakavunja mashini, Thimonnier akakimbia kuokoa roho. Alijaribu tena na tena. Alikufa 1857, maskini, na ile wakati Wamarekani walikuwa wanatajirika na mashini. Kila siku nikikaa ku pedali yangu namufikiria huyo muzee, na nawafikiria wale wenye walivunja pia, juu siwezi kusema walikuwa wajinga. Walijua kuhesabu. Baadaye wauza mashini wa Marekani wenyewe walipima: shemizi moja ya mwanaume ku mukono ni masaa zaidi ya 14, ku mashini ni karibu saa 1 na robo. Wewe fundi wa sindano ungesikia hiyo hesabu ungekaa kimya?

Mashini ya Thimonnier ilikuwa na uzi mumoja tu. Wako iko na mbili, wa juu na wa kaneti, na hiyo ni kazi ya Elias Howe, Mumarekani, 1846: sindano yenye tundu ku ncha, inashuka na uzi wa juu, na uzi wa chini unapita mu ile pete ndogo na kuifunga. Kila pointi ni fundo. Kisha 1851 akaja Isaac Singer, akaweka sindano ya kusimama wima na pedali ya muguu, Howe akamupeleka mu korti akashinda, Singer akamulipa na bado akatajirika, maana kampuni yake ilikuwa inauzisha mashini kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ndiyo maana ziko mu kila kona ya dunia, na moja iko mbele yako.

Kazi iliisha? Haikuisha, lakini bei ilianguka, na sitakudanganya kwamba ilikuwa muzuri. Nguo za tayari zikaongezeka, na mu miji kama London na New York wanawake na watoto walishona mu vyumba vya giza, wakilipwa kwa kipande, usiku na muchana. Wenye walibaki na jina ni wale wa mezire, wenye kupima mwili wa mutu na kukata juu yake. Kwa hiyo angalia kile China haileti mu baloti: libaya yenye inakaa ku mwili wa mama wa Kadutu mwenye alizaa mara 5. Patalo ya mitumba yenye iko kiuno 44 na mwenye kuinunua ni 32, nani ataipunguza? Mi mwezi uliopita nusu ya franga zangu ilitoka kwa kurekebisha nguo zenye zilikuja tayari. Ujifunze kukata, sio kushona mustari tu. Mustari mashini inaujua.

Na kama unataka kuona kazi ya Thimonnier kwa macho, usiende mbali. Mufuko wa unga ao wa muchele unafungwa ku mudomo na pointi ya namna yake, ya munyororo: angalia upande mumoja iko sawa, upande mwingine pete inaingia mu pete. Ukikata ncha yenyewe na kuvuta upande wenyewe, yote inafunguka prrr, mara moja, uzi muzima unabaki mukononi. Ukivuta upande mubaya inajifunga na unaishia kukata na kisu sawa kila mutu. Kuja Siku ya Posho na mufuko wenye haujafunguliwa, nitakuonyesha upande gani.